Vipande Vilivyokatwa kwenye Sinema ya Samaki

Jumamosi nilikuwa kwenye duka la picha hapa mjini Arusha. Mwenye duka, Mhindi mmoja mpole, alikuwa akikata filamu na kuiunga kwa gundi. Ilikuwa sinema ya safari ya kuvua samaki baharini, kule Tanga, mali ya mzungu mwenye shamba la kahawa. Akaingia mzee wa Kimeru kutoka Kikwe, kofia mkononi.

"Mwanangu alikuwa mpishi wao kwenye boti," alisema. "Alizama. Nimesikia yumo humu."

"Yumo, mzee. Bwana ameagiza nimtoe, asije akawahuzunisha wageni wake klabuni."

"Ukimtoa, unamweka wapi?"

Mwenye duka aliweka mkasi chini. Kisha akafunga mlango, akaokota vipande sakafuni, akaviunga pamoja na kuwasha mashine. Ukutani akatokea kijana anayecheka, amebeba samaki. Akatupungia mkono.

Mzee naye akainua wake, lakini ukuta ulikuwa umeshabaki mweupe.

"Nirudie?"

"Rudia, baba."

Alirudia mpaka mashine ikapata moto.

Nasikia huko klabuni wageni waliisifu sana sinema ile. Walisema samaki walionekana vizuri.