Mtoto wangu anaitwa Chelangat, lakini mimi niliingia theatre mchana

Admin, jina langu lifiche kabisa. La mtoto liache, kwa sababu ndilo kisa chenyewe, na halitanitambulisha. Akina Chelangat huku kwetu ni wengi kama majani chai.

Mimi ni mama wa miaka 29, nimeolewa upande wa Kiptere. Tuna shamba dogo la chai na ng'ombe watatu. Nakiri mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Kwa buying centre tunakouzia majani chai husoma mizani mara mbili, na karani ananichukia kwa hilo. Kwa hivyo mkitaka kusema nina wasiwasi bure, bwana yangu ameshawatangulia.

Kwa wasiotujua, sisi Wakipsigis jina la mtoto ni saa yake. Aliyezaliwa mchana jua likiwaka ni Chebet, na akiwa mvulana ni Kibet. Wa jioni jua likizama ni Chelangat, na mvulana wa saa hiyo ni Kiplangat. Siku hizi vijana wanakatakata, utasikia Chebz, utasikia Chela, lakini saa haibadiliki. Ita Chebet katika soko la Sotik uone vichwa vitakavyogeuka.

Miaka minne iliyopita nilijifungua kwa upasuaji. Naingizwa theatre, king'ora cha lunch cha kiwanda, cha saa saba, kilikuwa kinalia. Hilo nalikumbuka vizuri kwa sababu nilijiambia, basi huyu ni Chebet. Kwa korido nilimwacha mama mmoja wa Sigor akitembea ameshika ukuta, naye akingoja zamu yake. Nikalazwa usingizi. Kuamka, dirisha lilikuwa jekundu na mama mkwe ameketi kando yangu na mtoto kwa shuka.

"Tumeshampa jina," akaniambia. "Ni Chelangat. Wamenipatia yeye jua ikienda kulala."

Nilikuwa na maumivu, sikuuliza. Baadaye nilijiambia labda mtoto aliwekwa kwa chumba cha watoto kwanza, ndio Kogo, nyanya yake, akampokea jioni. Nikaridhika. Nikampenda Chela wangu mpaka nikasahau king'ora.

Sasa, mwezi uliopita nilikuwa Sotik kununua mbegu. Mwanamke akanishika bega. Alikuwa yule mama wa Sigor! Tulifurahi kama ndugu. Alikuwa na msichana wake, wa umri wa Chela, anatafuna muwa.

"Anaitwa nani?"

"Chebet."

Nikacheka. "Chebet aje na uliingia nyuma yangu? Wewe ulikuwa bado unashika ukuta."

"Hata mimi nilishangaa," akasema. "Lakini kadi iliandikwa saa saba na nusu mchana, na mamangu akasema hiyo ni Chebet. Mimi nilikuwa nimelala fofofo, ningebishana na nani?"

Hapo ndipo nilimwangalia yule mtoto vizuri. Mbele ya sikio lake la kushoto kuna kitundu kidogo, kama kimetobolewa na sindano. Mimi ninacho, hapo hapo. Baba yangu anacho. Dada zangu wawili wanacho. Chela hana.

 Yule mama alifuata macho yangu mpaka kwa mtoto, halafu akaangalia sikio langu. Kicheko kikamwisha. Akamvuta mtoto karibu, akamfunika kichwa na kofia ya sweta mpaka chini ya masikio, na jua lilikuwa linachoma. Akasema gari yao inaondoka. Namba aliyonipa mwanzoni, tukiwa bado tunacheka, sasa haipokelewi.

Nilifika nyumbani nikatafuta kadi ya kliniki. Ya Chela imeandikwa saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni. Sasa niambieni, niliingia theatre saa saba, walikuwa wananipasua mpaka jioni? Bwana yangu anasema pengine nesi alichanganya kadi tu, si watoto. Inawezekana, naomba iwe hivyo. Lakini na sikio?

"Watu wengi wako na hiyo shimo," alinijibu kwa hasira. "Unataka kunitolea mtoto kwa nyumba juu ya sikio?"

Mama mkwe naye nilimuuliza polepole, nikimkandia unga. Nilimuuliza kama alimwona nesi akitoka na mtoto mlangoni, au aliletewa kutoka chumba kingine. Aliendelea kuchambua mboga.

"Mimi najua jua," akasema. "Hiyo siku niliona jua ikilala. Usiniulize tena hiyo maneno, mama Chela."

Kesho yake kadi haikuwa kwa droo. Hakuna aliyeigusa, eti. Nyumba ina watu wanne na mmoja ana miaka minne.

Sasa namshuku kila mtu. Namshuku Kogo kwamba anajua. Namshuku bwana yangu kwamba anaogopa kujua. Usiku sijambo, shida ni jioni. Ng'ombe wakirudi, Chela huacha mchezo, anakuja kusimama mlangoni anyooshe kidole kule jua linakozama, kwa sababu Kogo alimfundisha.

"Mama, hii ndio saa yangu?"

Namwambia ndiyo, ni yako. Anafurahi, ananikumbatia miguu. Na mimi nasimama pale nikimwaza mwingine huko Sigor mwenye sikio la baba yangu, kama amekula, kama anapigwa, kama kuna mtu wa kumwonyesha jua la mchana.

Nikienda kupima damu na majibu yaje vile naogopa, nitampata mtoto ambaye hanijui, na huyu anayenishika miguu watu watasema ni wa wenyewe. Nikinyamaza, nitaishi na wizi ambao sijui ni nani aliufanya, na pengine mwizi ni mimi.

Wazazi wenzangu, hasa mliolea mtoto ambaye hamkumzaa, niambieni bila kunipaka mafuta: nimtafute yule mama wa Sigor, au niache jua lizame?