Jivu la Manyoya ya Mbwa

Sipendi mbwa, na sitaki mtu anihubirie habari za uaminifu wao. Mguu wangu wa kulia una kovu refu kwenye muundi, limekunjamana na kung'aa, na hadi leo nikiligusa mwili unanisisimka. Lakini kovu si kitu. Kinachonitia kinyaa ni jinsi nilivyolipata, na mdomo wangu mwenyewe.

Ilikuwa miaka ya vijiji vya ujamaa, upande wa Ikungi. Tulihamishwa kutoka kwenye tembe letu, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara, nyumba inatazama nyumba. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuwakataza watu wasirudi mahameni, kule kwenye makazi waliyoyahama, maana mtu akianza kwa kurudi kuchuma mapapai yake, kesho utamkuta analala huko huko. Alilisema hilo kila mkutano. Mbwa wetu hakuwa mtu wa mikutano. Mara mbili tulikuja naye kijijini, mara mbili akarudi kulinda kuta zisizo na paa. Baba akasema mwacheni.

Mimi nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nafundisha kisomo cha watu wazima kijiji cha pili. Nilikwenda kwa baiskeli ya baba. Barabara ilizunguka sana, lakini kulikuwa na kijia cha mkato kilichopita mahameni kwetu. Nilijua nimekatazwa. Nilipita tu, tena si mara moja.

Siku hiyo nilikuwa nateremka kwenye mchanga kati ya minyaa, jua la mchana kichwani. Mbwa akanisikia. Akatoka mbio, mkia unacheza, analialia kama walivyo wakimwona mwenye wao. Hakubweka. Akajirusha kunilaki, akaingia kwenye gurudumu la mbele. Nilianguka, baiskeli ikanilalia, mguu ukabanwa na lile gurudumu la meno linalovuta cheni. Ngozi ya muundi ikachunika hadi mfupa ukaonekana. Na yule mshenzi akaja kunilamba. Alinilamba damu, kisha akanilamba uso. Mdomo wake ulinuka mzoga, sijui alikuwa anakula nini huko peke yake. Nilimpiga teke kwa mguu mzima, nikatapika pale pale.

Nilifika nyumbani nakokota baiskeli. Baba akainama kutazama. Meno ya chuma yalikuwa yameacha alama zilizojipanga, moja baada ya nyingine.

"Umeumwa na nini?"

"Mbwa," nikasema. "Yule wetu. Amenikuta barabarani."

Yaani hata sikufikiri. Ningesema nimeangukia mahameni, watu wangemcheka baba mkutano mzima: balozi anawakataza wenzake, binti yake anapita. Nikajiona mjanja.

Sasa, kwetu aliyeumwa na mbwa alitibiwa kwa manyoya ya mbwa yule yule. Yanachomwa, jivu linachanganywa na samli, linashindiliwa kwenye jeraha. Manyoya ya mbwa mwingine hayafai. Baba akachukua panga, akaondoka bila kunywa hata maji. Aliporudi, panga lilikuwa limeoshwa, na mkononi alikuwa na kipande cha gunia. Ndani yake kulikuwa na manyoya ya rangi ya vumbi.

Shangazi yangu, dada wa baba, aliyachoma kwenye kigae. Ule moshi ulijaa nyumba nzima. Samli yenyewe ilikuwa imechacha. Akachota kwa kidole gumba, akasukuma ndani, na baadhi ya manyoya hayakuwa yameungua sawasawa. Sentensi moja tu ingemsimamisha. Nikauma meno nikanyamaza.

Siku ya nne mguu ulivimba hadi gotini. Siku ya sita usaha ulitoka wa kijani, na manyoya ndani yake. Nilikuwa nayavuta moja moja kwa kucha, nachefuka, navuta tena. Nzi hawakubanduka. Wadogo zangu walihamisha mkeka wao upande wa pili, na sikuwalaumu, maana hata mimi ningeweza ningeuhama ule mguu. Siku ya nane shangazi alifungua kitambaa, tukaona funza.

Baba akanipakia kwenye keria, akaisukuma baiskeli hadi zahanati. Mganga wa pale, mzee mmoja mwenye maneno machache, alifungua kitambaa, akageuzia uso dirishani kwanza. Kisha akauliza ni nini kile cheusi ndani. Baba akamweleza.

"Jeraha la mbwa mimi silikati hapa," mganga akasema. "Lazima aende hospitali mjini, akachomwe sindano za kichaa cha mbwa. Na lori la kwenda huko ni mpaka wiki ijayo. Mguu huu haufiki wiki ijayo. Watamkata juu ya goti." Akanitazama. "Una hakika ni mbwa?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Si mbwa," nikasema. "Ni cheni. Nilipita mahameni. Mbwa alikuja kunilaki, nikaanguka."

Mganga aliwasha jiko. Alichemsha kisu chake, akaita watu wawili wanishike. Alikata nyama yote iliyooza, akaitupa kwenye beseni, nami nikalia kama kichaa kwa ile harufu yangu mwenyewe. Baada ya hapo nilichomwa sindano kila siku, nikabadilishwa kitambaa kila siku, na ilichukua miezi miwili kukanyaga bila fimbo. Goti linakunja. Baiskeli nilipanda tena mavuno yalipokwisha.

Lakini siku ile ya kwanza, tukirudi, baba alisukuma baiskeli. Mimi nimekaa keria, mguu nimeunyoosha, nangoja anitukane kwa uongo, kwa mahame, kwa kumwaibisha. Ningefurahi kama angenitukana. Tulipokaribia nyumba za kijijini akasimama kubadilisha mkono kwenye usukani. Hakugeuka.

"Yule mbwa nilidhani nitamkimbiza sana," akasema. "Nilimwita tu. Alikuja mwenyewe, akalala miguuni."