Kiwanja Tulichonyamazia

Mie hasira zangu ziko karibu, sifichi. Lakini hasira ya mwaka ule ilikuwa nyengine kabisa. Nililala nayo nikaamka nayo, na hadi leo nikipita mbele ya ofisi ya sheha, mkuu wa kijiji chetu, hatua zinajiongeza zenyewe.

Kijijini kwetu, upande wa Wambaa, kuna kiwanja nyuma ya skuli. Wanaume wanacho chao cha mpira, na pwani yote ni yao, wakitaka kukimbia wanakimbia na hakuna anayewauliza wanakwenda wapi. Sisi wanawake tunacho hicho kimoja. Mikarafuu imekizunguka, aliye barabarani hakuoni. Baada ya Alasiri tunajifunga kanga viunoni juu ya suruali, tunacheza nage: wawili wanarusha mpira huku na huku, wengine tuko kati tunaukwepa, ukikupata unatoka. Mie nacheza tangu sijavunja ungo. Sasa nina wajukuu, nina sukari, daktari ameniambia nisikae kitako, na kwa kukwepa mpira bado hunipati ovyo. Ni hapo tu ninapoweza kupiga kelele kwa sauti yangu yote bila ya mtu kuuliza nina nini.

Haya, akaja muekezaji. Alikitaka kiwanja kile kile ajenge mahali pa kupumzikia: bwawa la kuogelea, bembea za watoto, mkahawa, na tiketi mlangoni. Hebu nifahamishe mtu na akili zake: unaichukua sehemu ya watu kucheza, unaizungushia ukuta, halafu unawauzia mchezo wenyewe! Baraza la mji ndilo lingeamua, lakini kwanza kijiji kiulizwe.

Tuliulizwa ndani ya skuli. Wanaume mbele kwenye mabenchi, sisi nyuma kwenye majamvi, kama siku zote. Ofisa wa baraza la mji alisema sana. Yeye aliita kukodisha, lakini kwa miaka ambayo hata kitukuu changu hataufikia mwisho wake, kwa hiyo mie naita kuuza. Wanaume wakauliza habari za ajira. Mume wangu naye akasimama kuuliza walinzi wataajiriwa wangapi. Niliutazama mgongo wake nikatamani kumvuta kanzu.

Kisha sheha akakumbuka kuwa na sisi tupo. Akageuka, akauliza, na akina mama wanasemaje?

Tulikuwa tumeshapanga. Angesema mkubwa wetu, ambaye ndiye kapteni wa timu, na maneno yake alikuwa nayo mdomoni. Lakini mkwewe, mume wa binti yake, alikuja kuchelewa akakaa benchi la mwisho, mbele yake kabisa. Kwetu mama hapandishi sauti mbele ya mkwewe. Yule bibi akajifunika ukaya, akatazama jamvi. Na sisi wengine tungemrukaje mkubwa wetu? Kila mmoja akamngojea mwenzake. Heshima zetu hizo, wallahi, siku ile ningeweza kuzikusanya nikazitupa kisimani.

Sheha akacheka. "Mwari akiulizwa akanyamaza, ameridhia," akasema. "Haya, andika, wameridhia."

Wanaume wakaangua kicheko. Cha mume wangu nakijua hata gizani, na nilikisikia. Ikasomwa dua, watu wakaitikia amin, mkutano ukaisha.

Asubuhi nilimwendea sheha. Nikamwambia ile ruhusa ya kunyamaza ni ya mwari katika ndoa yake, nani amekwambia inatosha kuuzia na ardhi? Akanijibu kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma zaidi, kwamba yameshaandikwa na yameshakwenda mjini. Kama nina neno, nikalisemee huko.

Siku ya baraza tukaenda mjini wanawake saba. Mwenyekiti akaruhusu asimame mmoja wetu, na kapteni akanisukuma kiwiko, akasema mie ndiye mwenye ulimi. Nilikuwa nimejitayarisha kusema habari za sukari, za tiketi, za watoto wa kike watakaofungiwa ndani. Lakini kabla yangu ofisa aliisoma ile karatasi kwa sauti: wanawake waliulizwa, wakanyamaza, hivyo wameridhia. Niliposimama, yale niliyoyatayarisha yote yalikuwa yameruka.

"Mwenyekiti," nikasema, "nilipokuwa na miaka kumi na sita ami yangu aliingia chumbani na mashahidi wawili, akaniuliza kama nimeridhia kuolewa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nalia. Wakatoka, wakasema karidhia. Sikuridhia. Na kiwanja sikuridhia."

 Diwani mmoja mwanamke alivua miwani, akaomba maombi yale yasimamishwe mpaka kila mwanamke wa kijiji aulizwe peke yake, mwanamme asiwepo. Wakakubali. Tuliulizwa mmoja mmoja wiki iliyofuata, na "hapana" ya kapteni wetu ilisikika hadi nje ya skuli. Baraza likakataa kuuza. Kiwanja kiko pale pale.

Lakini siku ile ile niliyosimama, maneno yangu yalinitangulia kufika nyumbani. Mume wangu alinifuata jikoni, mahali ambapo si kawaida yake kuingia, akakaa juu ya mbuzi ya nazi.

"Hivi kweli hukuridhia?"

Tuna watoto sita. Mimba ya tatu iliponiharibikia yeye ndiye aliyenibeba mgongoni hadi barabarani, analia kuliko mie. Ningeweza kumwambia nilisema vile kwa ajili ya baraza tu, akatoka, yakaisha. Lakini kile kicheko chake cha skuli kilikuwa bado kimo masikioni mwangu.

"Sikuridhia," nikamwambia.

 Akaniuliza mbona miaka yote hiyo sikumwambia. Nikamjibu kuwa hakuniuliza. Ami aliniuliza, kadhi akauliza wengine, yeye alikuja nikiwa nimeshapambwa.

"Na sasa je?" akasema.

"Sasa nina hasira. Niulize kesho."

Kulipokucha, hata uso hajanawa, aliniuliza.