Mkono wa Kreni Ukilala

Bandarini walimwita Kipanga, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukaa juu na kutazama chini. Nyumbani alikuwa Mama Pacha, na kazi ya huko ndiyo iliyomchosha zaidi. Aliendesha kreni kubwa ya kushushia makontena. Zamani walikuwa wanne wakipokezana. Biashara ilipolegea, wenzake watatu waliambiwa wapumzike kwanza, na mpaka leo wanapumzika.

Meli zilikuwa zimeadimika. Msimamizi wake, mzee mwenye kitambi kikubwa na maneno machache, aliwahi kumweleza: "Bidhaa zimejaa maghalani, wanunuzi hawapo. Meli chache zilizobaki zinakwenda bandari kubwa. Sisi zinatupita kama hatujuani."

"Mpaka lini, mzee?"

"Wenye suti wanasema mwaka ujao. Na mwaka jana walisema hivyo hivyo."

Kreni isipokuwa na kazi, mkono wake mrefu huinuliwa ukaelekea mbinguni. Meli ikifunga gatini, mkono hulazwa juu yake. Hilo mtaa mzima ulilijua, hata watoto. Vibarua wakiuona unalala, huacha walichoshika wakakimbilia getini, maana nafasi hazimsubiri mtu. Mumewe, Baba Pacha, alikuwa mmoja wao. Kwa sasa alibeba saruji kwenye jengo la shule, ng'ambo ya barabara kuu, na fundi mkuu alishawaonya: "Atakayeniachia ndoo akafuata meli, aende nayo moja kwa moja."

Asubuhi moja msimamizi alimpa Kipanga kazi asiyoitegemea.

"Leo shusha mkono, uitembeze kreni tupu. Nyaya zikikaa zinashika kutu. Siku meli zikirudi, hazitangoja tupake grisi."

Simu alikuwa ameiacha getini, ndiyo kanuni. Akapanda, akabonyeza, na mkono ukaanza kushuka polepole, kama bibi anayejishusha mkekani. Alifurahi kuusikia mngurumo ule tena. Halafu akatupa macho barabarani.

Watu walikuwa wanakimbia. Walitoka gereji, walitoka sokoni. Mmoja alichomoka upande wa jengo la shule, magoti akiyatupa nje. Alimjua kabla hajaliona shati. Kupiga honi kungewaita zaidi. Akausimamisha mkono, akaanza kuurudisha juu.

Redio ikakoroma. "Kipanga! Mbona unaupandisha? Haujafika hata nusu."

"Watu wanakimbia, mzee. Wanadhani meli imekuja."

"Waache wafike, mlinzi atawaambia."

"Wakifika watakuwa wameshapoteza kazi walizoziacha."

Redio ikakoroma tena. "Unajua kwamba umebaki peke yako huko juu, na wenye suti bado wanatafuta wa kupunguza?"

"Najua, mzee."

Aliendelea kuupandisha. Wengine hawakupunguza mwendo. Mwenye magoti ya nje alisimama kando ya barabara, kiganja kwenye paji la uso, akautazama mkono ukienda juu. Kisha akageuka, akakimbia kurudi alikotoka.

"Kesho utarudia," redio ikasema. "Na utafute njia ya kuwaambia watu wako. Sitamdanganya mkubwa mara mbili kwamba kulikuwa na upepo."

Jioni Baba Pacha alikuwa akijisugua saruji masikioni, pacha mmoja amemning'inia mgongoni.

"Leo uliniua, mke wangu. Nimemwambia fundi tumbo lilinishika. Kaniuliza, tumbo gani linapona barabarani?"

"Akakufukuza?"

"Kanipa ndoo mbili badala ya moja. Lakini kule juu ulinijuaje?"

"Nani mwingine anakimbia kama bata aliyeona mtama?"

Pacha wakacheka mpaka wakakaa chini. Yeye akafungua sanduku, akatoa mbeleko nyekundu aliyowabebea walipokuwa wachanga. Haikuwa na kazi tena.

Kesho yake aliifunga kwenye chuma cha ngazi, mahali pa kuonekana mbali, ndipo akaulaza mkono. Mumewe alikuwa ameshapeleka habari mtaani: ukiona nyekundu, hakuna meli. Hakukimbia mtu. Kule kwenye jengo, mmoja aliinua ndoo juu mara moja, akaendelea na kazi.

Kipanga aliitembeza kreni tupu mpaka mwisho wa reli, akairudisha. Alipomaliza aliifungua mbeleko, akaikung'uta vumbi, akaikunja. Siku ya meli ya kweli ataiacha nyumbani.