Chura Asiyepanda Mlima

Mume wangu alipoileta nyumbani ile pikipiki ya miguu minne, wanawake wa soko la Kalerwe waliipa jina siku hiyo hiyo. Waliiita Chura. Ilikuwa ya kijani, imechuchumaa, na ikipita kwenye matope ya nyuma ya soko ilikuwa inaruka kweli. Aliipata Jinja kwa mtu aliyekuwa akiwapandisha watalii. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akamhamishia yule mtu vyombo vyake vyote, na mwisho wa safari mtu akamwambia, mzee, na hii chukua, mimi imenishinda. Basi akaipandisha juu ya lori akaja nayo.

Nikamwambia, "Mzee, kwa umri wako huo utapanda kitu kama hicho?"

Akasema, "Si yangu. Ni ya nyonga yako."

Nyonga yangu ina chuma ndani. Nilianguka na boda, nikalala hospitali, na tangu siku ile siwezi kurusha mguu juu ya pikipiki ya kawaida, wala kukaa upande kama wanawake wanavyokaa. Yeye akachukua vyuma akanichomelea kiti cha nyuma chenye mgongo na mahali pa kuweka miguu. Kila Ijumaa baada ya swala alinipeleka Kasubi kwa rafiki yangu.

Huyo rafiki nimezaliwa naye katika laini moja ya kambi. Baba zetu walikuwa maaskari, mlango wa kwetu ulitazamana na mlango wa kwao. Nyumba yake ya sasa iko juu kabisa, na njia ya kufika kwake mvua imeichimba mpaka imekuwa mtaro. Gari linakomea chini. Chura alikuwa anafika. Tukishakunywa chai, sisi wawili tulikuwa na mchezo wetu: tunatembea kambini kwa mdomo. Tunaanzia nyumba ya kwanza pale kwenye bomba la maji, nani alikaa pale, wake zake kina nani, watoto kwa mpangilio, mpaka mbwa wao. Halafu nyumba ya pili. Majina yao sitayaandika hapa, maana wengine wana wajukuu wanaojua kusoma kuliko mimi. Lakini ninayo yote. Shule nilikaa miaka mitatu tu, na nafikiri kichwa kilibaki na nafasi.

Mume wangu akafariki. Nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, sitoki. Chura aliwekwa chini ya kibanda cha mabati mbele ya dirisha langu. Kiti chake kilikuwa kimebonyea upande wa kushoto, kwa sababu mzee alikuwa anakaa akiegemea huko. Sikutaka mtu akikalie kikanyooka. Nikashona kifuniko cha kitambaa cheupe, nikakitarizi maua mekundu na majani, kama tunavyotarizi mashuka ya harusi, nikakivisha kile kiti na kukishonea kwenye vyuma vya pembeni kwa uzi mara mbili. Ilinichukua wiki sita. Mkono ukishika sindano, siku inapita bila kukuuliza kitu.

Kila baada ya siku mbili tatu binti yangu alikuwa anaiwasha pikipiki ili betri isife. Anaiacha ingurume kidogo, halafu anaizima. Na hapo ndipo jambo lilianza. Injini ikishapata moto, harufu ya udi ilikuwa inaingia dirishani. Mwanamke wa eda hajifukizi, na nyumbani kwangu hapakuwa na chetezo kilichowaka tangu mazishi. Lakini udi ulikuja, mwepesi, kama mtu amepita mlangoni na kanzu yake. Nilifumba macho. Sikumwambia mtu. Nilimwambia binti yangu tu, "Iwashe tena."

"Mama, jana nimeiwasha."

"Iwashe. Betri ni kama mtoto."

Siku nyingine ilikuwa jua la saa nane, kuku wamelala, na mimi nimekaa kitandani na sindano mkononi, nasikia ule mngurumo na ile harufu, na sikujua kama niko macho. Nikadhani mzee amepewa ruhusa ya kupita.

Kutoka Kasubi walinipigia simu. Mwanzo walisema rafiki yangu ananiuliza kila Ijumaa. Baadaye walisema amechanganya siku. Mwezi uliofuata alimwita binti yake mama. Kwenye simu hanisikii, masikio yake yamekwenda zamani. Wiki ya mwisho ya eda wakaniambia hajauliza tena. Hilo ndilo lililonitia hofu. Mtu anayekuuliza bado anakushika mkono, na huyu alikuwa ameanza kuachia.

Eda ikaisha, na Ijumaa ya kwanza nikavaa, binti yangu akashika usukani, mimi nyuma kwenye kiti changu cha chuma. Kifuniko changu alikikalia pembeni, nilimwomba hivyo. Kwenye tambarare Chura alikwenda polepole bila shida. Mafuta yake unabonyeza kwa kidole gumba. Binti yangu akibonyeza kidogo, inakwenda. Akibonyeza sana, inameza mate, inasema ghuu, inazama kama inataka kulala. Akiachia, inaamka.

Pale mlimani tulipanda hatua kumi. Akabonyeza, ikazama, ikazimika, tukaanza kurudi nyuma. Wanaume waliokuwa wakicheza ludo kwenye kibanda wakakimbia kutushika.

"Jajja," mmoja akaniambia, na kwa Waganda huyo ni bibi, "huyu Chura ana mimba. Mwache nyumbani azae."

Wote wakacheka, na mimi nikacheka. Kutoka pale nilikuwa naliona bati la nyumba ya rafiki yangu. Binti yangu akasema panda mgongoni kwangu. Nikamwambia mimi si mkungu wa matoke. Tukarudi.

Jumatatu tukamwita fundi wa mume wangu. Ni Mkongo, anakaa Namuwongo pembeni ya reli, alikuwa anatengeneza lori la mzee. Mimi ananiita Koko, kwao ndiyo bibi. Alifika na mkoba wake, akatulia kwanza mbele ya mashine, akafanya ishara ya msalaba kwa ajili ya mzee, ndipo akaiwasha.

Ikanguruma vizuri. Akabonyeza. Ghuu.

"Ah, Koko, huyu anakohoa."

"Anakohoa nini?"

"Ndiyo tutafuta. Iko na njaa ao imeshiba kupita. Ni mambo mbili tu."

Kwanza akasema petroli imechacha, imekaa tanki miezi yote. Akaimwaga, ilikuwa inanuka kama rangi ya zamani, akatia mpya. Ghuu. Akafungua kabureta, akazipanga sehemu zake juu ya sinia langu la wali. Akapuliza vitundu vyake kwa mdomo, akavipitisha waya mwembamba. Ndani kulikuwa na kiwambo cha mpira, laini kama utando wa maziwa. Akakiinua juani aone kama kimetoboka. Nikaona jua likipita katika ule mpira, jekundu jekundu, na yeye analitazama kwa jicho moja. Hakuna tundu. Akarudisha vyote mahali pake. Ghuu.

Akaondoka, akarudi Jumatano. Asubuhi hiyo walikuwa wamepiga simu kutoka Kasubi kwamba rafiki yangu amekataa uji tangu jana. Binti yangu akasema, "Mama, tuiuze hii kama chuma chakavu. Tutafute wanaume wanne wakubebe kwenye kiti."

"Wanibebe kama maiti? Afikiri nimekuja kumchukua?"

Fundi akatoa plagi akaniletea kiganjani. Ilikuwa nyeusi kama matako ya sufuria.

"Koko, ona. Petroli inakuya mingi, hewa inakuya kidogo. Basi imeshiba. Sasa nataka nifungue kiti."

"Kiti hapana."

"Koko..."

"Tafuta kwingine. Kiti kina kazi ya mikono yangu ya wiki sita."

"Mama, bambi," binti yangu akanisihi.

"Nimesema hapana."

Fundi hakukasirika. Akachuchumaa mbele yangu kama mtu anayemweleza mgonjwa. Akasema, "Hii mashini pua yake iko chini ya kiti. Kuko kisanduku cheusi, kifuniko chake kinafungwa na vibanio, ndani kuko sponji. Hewa inapita mule. Ikisimama, pumzi kidogo inatosha. Ukibonyeza, inataka pumzi mingi, sawa mtu anapanda mlima. Kama pua imezibwa, njo inazama."

Kisanduku cheusi chenye vibanio. Na sponji ndani.

Nikakitazama kile kiti nilichokishona. Binti yangu akaniuliza kama najisikia vibaya.

Kwetu sisi, mwanamke akifiwa na mume, manukato yake yanaondolewa nyumbani. Wifi ndiye huja kuyachukua ayatunze. Ni desturi na sina neno nayo. Lakini wifi yangu namjua. Kinachoingia katika sanduku lake hakitoki. Na mimi nilikuwa na udi wa mwisho aliouleta mzee kutoka safari zake, na chupa ya mafuta ya sandali, nilikuwa sijavianza hata kidogo. Basi siku ya mazishi, wanaume wakiwa makaburini na wanawake wako jikoni, nilivifunga kwenye kitambaa nikatoka uani. Nikainua kiti cha Chura, nikaona kisanduku kizuri, kikavu, kina vibanio, na ndani wameweka sponji kabisa ili chupa isivunjike. Nikawashukuru waliokitengeneza. Nikabana, nikafunga, na huzuni ya siku ile ikafuta kila kitu.

"Mwanangu," nikamwambia fundi, "mle ndani niliweka vitu vyangu."

"Vitu gani?"

"Leta mkasi."

Nilikata nyuzi mwenyewe, moja moja. Kiti kilipoinuliwa na vibanio vikafunguliwa, harufu ilitoka ikajaa ua wote, mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta. Chupa ilikuwa imevuja, sponji limelowa mafuta ya sandali mpaka ndani, na kitambaa kimenyonywa kikakaa mdomoni mwa bomba kama kizibo.

Fundi alicheka mpaka akakaa chini. "Koko! Umempaka mashini manukato ya bibi harusi, halafu umemnyonga shingo!"

Binti yangu hakucheka. Alinitazama, akatazama dirisha langu, akatazama Chura. "Mama," akasema polepole, "ndiyo sababu ulikuwa unaniambia iwashe tena?"

Nilikuwa nimekaa na kile kitambaa mapajani. Hakuna aliyepewa ruhusa ya kupita. Ulikuwa udi wangu mwenyewe, unapashwa moto na injini, unaniingilia dirishani. Nilijisikia mjinga, na nilijisikia kama nimefiwa upya, siku ya Jumatano, mbele ya watu, mikono imejaa mafuta. Kisha nikafikiri, lakini udi aliuleta nani? Nikanyanyuka.

Sponji fundi alilifua kwa sabuni mara tatu, akalikamua, akalianika juu ya bati. Lilipokauka, kwa mikono yake akalipaka oili kidogo sana, akasema hivyo ndivyo linavyokamata vumbi. Akaweka plagi mpya. Akabonyeza kwa kidole gumba, taratibu, kisha mpaka mwisho. Chura alilia sauti moja ndefu isiyokatika, kuku wakakimbilia barabarani.

Kifuniko changu sikukirudisha. Nilimwambia binti yangu akalie kiti vile kilivyo, na asiende pembeni, akae katikati. Hatukungoja Ijumaa.

Ilikuwa baada ya alasiri. Tulipita na wale wa ludo wakainuka tayari kutushika, hatukuwahitaji. Binti yangu alibonyeza na mashine ikavuta pumzi, ikavuta tena, na mtaro ukawa unashuka chini yetu, mawe, maganda ya ndizi, mlango wa mtu, nguo za mtu kwenye kamba. Niliegemea chuma cha mgongoni nikaona mbingu tu. Kwa muda kidogo sikuwa na nyonga wala umri.

Rafiki yangu alikuwa amelazwa barazani juu ya mkeka. Alikuwa amepungua. Alinitazama kama unavyotazama mvua ya mbali.

"Nani?"

Nikamwambia jina langu.

"Huyo hawezi kuja. Amefiwa."

"Eda imekwisha."

Akafikiri. "Mume wake yuko wapi? Ndiye anayemletaga."

Nikavua viatu, binti yangu akanishusha mpaka mkekani, nikaanza. Nyumba ya kwanza, pale kwenye bomba: mpiga tarumbeta, wake zake wawili, watoto kwa mpangilio, yule mbwa aliyekosa sikio. Nyumba ya pili. Ya tatu. Alikuwa amefumba macho, na uji wake umekaa pembeni umeshika ngozi. Nikaendelea tu, maana nikiacha sikujua mikono yangu ningeifanyia nini. Ya nne, ya tano. Ya sita nikaimaliza na kitindamimba wao, nikawa naingia ya saba.

Kidole chake kikasogea.

"Umeruka."

"Nimeruka nani?"

"Yule mfuaji nguo. Alikuwa analala jikoni kwao." Akalitaja jina lake, zima, na la baba yake. Mimi jina lile sikuwa nalo. Nimelitafuta kichwani kila pembe, halikuwemo.

"Huyo hakuwa wa laini yetu," nikasema.

"Alilala wapi basi? Juu ya mti?"

"Jikoni si nyumba."

"Wewe ulikuwa mbishi tangu huna meno, na sasa huna tena." Akafumbua jicho moja. "Mtie."

Nikamtia, nyumba ya sita, jikoni. Binti yangu akachukua kikombe cha uji kwenda kukipasha moto.

"Endelea," rafiki yangu akasema, "na usikimbie."

Nikaingia nyumba ya saba.