Kiti cha Mama Kwenye Stoo ya Nyasi

Stoo yetu ya nyasi kule Njoro ilikuwa na harufu ambayo nikiikumbuka natamani kurudi utotoni. Mama, aliyefuga ng'ombe tangu kabla sijazaliwa, aliingia humo kila asubuhi baada ya kukamua, akakaa juu ya robota la nyasi na kikombe cha chai. Ole wako umwite kabla hajamaliza.

Kisha akaugua saratani ya damu. Alipotoka hospitalini Nakuru baada ya kemo, tuliambiwa mwili wake hauna kinga kabisa. Basi mimi, kifungua mimba, nikajifanya askari. Akina mama wa kanisa walipoleta uji niliwasalimia kupitia dirisha. Maziwa niliyachemsha mara mbili. Wajukuu niliwafukuza kama kuku waliovamia mahindi. Ndugu zangu waliniita daktari kwa kejeli, nami nikakifurahia cheo.

Siku ya nne mama akasema, "Wewe umenifunga kama mahabusu. Nipeleke kwa nyasi zangu, huko ndio mimi hupumua vizuri."

Kiti nilikibeba mwenyewe. Nilikiweka mlangoni mwa stoo, penye jua, na kila asubuhi nilikung'uta nyasi za ng'ombe mbele yake tukipiga soga. Tulicheka sana siku zile. Mvua ilikuwa imepenya paa, na marobota ya chini yalikuwa na kuvu nyeupe. Niliiona. Nikafikiri hiyo ni shida ya ng'ombe. Watu niliwaogopa, nyasi sikuziogopa.

Wiki ya pili kilianza kikohozi, kisha homa, kisha damu. Tukarudi hospitalini. Daktari, msichana mpole, alitueleza kwamba vumbi la kuvu, ambalo sisi wazima hulivuta bila kudhurika, laweza kuota ndani ya mapafu ya mgonjwa kama huyu. Si wengi wanaopatwa, alisema. Kisha, aliposikia habari za stoo yetu, akauliza ni nani aliyemruhusu kukaa karibu na nyasi zilizooza.

Nikafungua mdomo. Mama akaisogeza kidogo ile barakoa ya oksijeni.

"Nilijipeleka mwenyewe, daktari. Huyu alinikataza sana."

Mama yule yule aliyenichapa kwa sababu ya uongo wa kijiko kimoja cha sukari.

Alifariki wiki hiyo. Kwenye mazishi ndugu zangu walinishukuru mbele ya watu kwa jinsi nilivyomlinda, nami nikaitikia amina.