Vifuko vya Fundi Mkasi

Fundi Mkasi hakuwa mtu wa kompyuta. Alishona viti vya magari. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya duka la vioo, chenye cherehani mbili nzito, mabunda ya sponji, na harufu ya gundi isiyotoka hata mlango ukishinda wazi. Jina la Mkasi alipewa na wateja kwa sababu mkasi wake ulikaa mfuko wa nyuma wa suruali, naye alikuwa na tabia ya kuketi akiwa ameusahau. Mke wake alichoka kuziba matundu, akaacha.

Habari ya vifuko ililetwa na shemeji yake, kaka wa mke wake, aliyekuwa dereva wa mkurugenzi mmoja. Gari aliloendesha lilikuwa la kifahari, la aina ambayo ufunguo wake hauchomekwi popote. Ukiwa nao mfukoni, unagusa kitasa na mlango unafunguka, unabonyeza kitufe na injini inawaka. Mchana mmoja shemeji aliliegesha nje ya mgahawa, akaketi karibu na dirisha, ufunguo kauweka mezani. Alikuwa bado anapuliza chai alipoliona gari likiondoka taratibu, kwa adabu zote, hata indiketa limewasha.

"Ufunguo unao wewe, kioo hakijavunjwa, alamu haijalia," bosi alimwambia. "Kwa hiyo gari limeota mabawa?"

Polisi nao wakaimba wimbo huohuo. Mpaka ilipotazamwa kamera ya mgahawa ndipo akaonekana mtu amesimama nje ya dirisha na mkoba begani, na mwenzake kando ya gari. Ndani ya mkoba kulikuwa na chombo cha kudaka mawimbi ya ufunguo na kumrushia yule wa pili. Gari likadhani mwenye ufunguo kafika, likajifungua. Shemeji akaonekana hana hatia. Kazi, hata hivyo, hakurudishiwa.

"Ule ufunguo unaongea peke yake, shem," alimwambia Mkasi, ameketi juu ya bunda la sponji kama mgonjwa. "Unaongea kutwa nzima. Wao wanausikiliza tu."

Maneno hayo yalimganda Mkasi. Akaulizauliza, akaambiwa kuna kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za metali, ambacho mawimbi hayo hayapenyi. Akakisaka mpaka akakipata. Akashona kifuko cha ngozi nje, kitambaa kile ndani mara mbili, na kifuniko cha kukunja. Yeye na shemeji wakatia humo ufunguo wa gari la mteja, wakasimama mlangoni pa gari, wakavuta kitasa. Kimya. Shemeji alivuta tena kwa hasira, kana kwamba gari lile ndilo lililomfukuzisha kazi. Kimya vilevile.

"Umeua, shem!"

Mteja wa kwanza alikuwa daktari wa meno mwenye kliniki mtaa wa pili, mwanamke mcheshi aliyependa gari lake kubwa jeusi kuliko alivyotaka watu wajue. Yeye akawaambia wenzake, nao wakawaambia wengine. Viti vya watu vikaanza kuchelewa. Kila aliyekuja kuulizia kiti chake aliondoka na kifuko. Kwa mara ya kwanza maishani watu wenye suti walimpigia Mkasi simu wakimwita "fundi wetu", naye akajikuta anatembea kifua mbele. Mke wake alimtazama tu na kuguna.

Siku ya balaa daktari aliingia karakanani mwenyewe, kwa miguu, bado amevaa koti lake jeupe. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Fundi, gari langu limeondoka. Nilikuwa namng'oa mtu jino. Ufunguo ulikuwa hapa." Akagonga mfuko wa koti, akatoa kifuko, akakiweka juu ya cherehani. "Ndani ya hiki."

Mkasi alikichukua. Kwa nje kilikuwa kizuri kama siku alipokishona, ngozi imelainika kwa kushikwashikwa. Akakigeuza ndani nje. Pale kifuniko kinapokunjwa, nyuzi za metali zilikuwa zimekatika, mstari mzima. Akachukua ufunguo wa gari lililokuwa uani likisubiri viti, akautia humo, akafunga, akamwomba daktari avute kitasa. Taa zikawaka na mlango ukafunguka.

"Mimi nilikuamini," daktari alisema, akatoka.

Jioni shemeji alifika akihema kwa furaha. Alikuwa amepita kwenye maegesho ya kliniki kuchunguza mambo kwa macho yake, maana wizi wa namna hii sasa aliufanya kama kesi ya familia. Mkononi alishika kipande cha plastiki cheusi.

"Umepona, shem! Hiki ni cha kuzunguka taa ya mbele. Siku hizi wapo wanaobandua bampa pembeni ya taa, wanajiunga na waya za pale, wanalidanganya gari kutoka huko. Ufunguo hawauhitaji kabisa. Kifuko chako hakihusiki!"

"Una uhakika?"

"Uhakika gani? Kipande si hiki hapa?"

"Kinaweza kuwa cha gari lolote."

"Basi kiwe cha lolote! Wewe mpelekee daktari, mwambie ni waya. Nani atakubishia?"

Mkasi alikigeuzageuza kile kipande. Moyoni alitamani sana kiwe cha gari la daktari. Kilichomkera ni kwamba hata kikiwa cha gari hilo, kifuko bado ni kibovu, na vifuko vingine vya mshono uleule viko mifukoni mwa watu wanaokunja na kukunjua kutwa, wakijiona salama. Kabla ya kifuko, angalau walikuwa wanageuka nyuma kutazama gari.

"Nitavirudisha vyote," alisema.

Mke wake, aliyekuwa akipima kitambaa cha pazia mezani, aliinua kichwa. "Virudi, halafu?"

"Virudi tu. Nivichome."

"Haya. Ila viti vya watu umeviahidi kabla ya hivyo vifuko, na wenyewe wananipigia mimi, si wewe."

Alianza na daktari. Alimkuta kati ya wagonjwa wawili, akampa kipande cha plastiki na habari ya waya, kisha akamwambia bila kuzunguka: "Sijui walipitia wapi, Daktari. Lakini kifuko changu kilikuwa kimekufa, na sikukwambia kwamba kinaweza kufa. Sikujua. Nilipaswa kujaribu zaidi." Daktari alimsikiliza barakoa ikining'inia shingoni. "Angalau wewe umekuja," alisema. "Walioniuzia gari hawapokei hata simu." Hakutabasamu, na Mkasi hakulitegemea tabasamu.

Waliobaki ndio waliomchosha. Alidhani atakachowaambia kitawashtua, kumbe wapi. Mmoja alisema kifuko amempa mkwe wake zawadi. Mwingine alidhani ni ujanja wa kumuuzia kipya. Bibi mmoja wa duka la vipodozi alikiri kwamba hatii ufunguo mle, anatunzia pete, na pete hazitarudi mfuko wa plastiki kwa sababu ya stori zake. Alipiga simu zikakatwa. Alituma ujumbe akajibiwa kwa kidole gumba. Shemeji, aliyejitolea kuzunguka naye, alinung'unika njia nzima kwamba hajawahi kuona mtu anayehangaika kujiharibia jina kwa bidii kiasi hicho.

Mfanyabiashara wa mbao ndiye aliyemtoa machozi ya hasira. Alikuwa bonge la mtu, na alikuwa amedai kifuko chake kitiwe nakshi ya herufi za jina lake. Mkasi alimkuta uani kwake, gari limeng'arishwa linatoa macho.

"Changu kizima," alisema yule mtu.

"Mzee, tujaribu tu. Tia ufunguo, funga, vuta mlango."

Wakajaribu. Mlango ulifunguka kirahisi, na kiti cha dereva kikasogea nyuma kumkaribisha. Mwenye mbao alitazama gari, akatazama kifuko, kisha akamkazia macho Mkasi.

"Umeliharibu gari langu."

"Gari ni zima, mzee. Kifuko ndicho kibovu. Nunua kufuli la chuma la usukani, lile zito. Mwambie fundi umeme akufichie swichi ya kukata mafuta. Ufunguo uweke kwenye kopo lenye mfuniko, mbali na mlango wa nyumba, na hilo kopo uwe unalijaribu kila mara kama tulivyojaribu hapa. Na kwenye ufunguo wenyewe, magari mengine yana namna ya kuuzima…"

"Kufuli la chuma? Kwenye gari hili?" Alicheka kwa dharau. "Niendeshe kama lori la kokoto? Nenda, fundi. Kifuko nabaki nacho, kimeandikwa jina langu."

Mkasi alimwomba. Alimfuata mpaka ngazini akimwomba, mtu mzima, mkasi mfukoni, huku wapakizi wa mbao wakitazama. Mlango ukafungwa. Alirudi kwenye gari la kuazima walilozunguka nalo, shemeji akiwa kwenye usukani, akapiga ngumi dashibodi mpaka vidole vikamuuma.

"Sasa unalia nini?" shemeji aliuliza kwa upole.

"Mtu namwambia nyumba yake iko wazi, ananitukana kwa sababu nimegonga!"

Vifuko vilivyorudi havikujaza hata nusu ya ndoo. Alivikata vipande uani mwenyewe, ngozi na nyuzi, mpaka mkasi ukapoteza makali. Gari la daktari halikupatikana, wala halikujulikana lilichukuliwa kwa njia ipi. Shemeji alipata kazi ya kuendesha gari la kubeba mikate, la zamani, la ufunguo wa kuchomeka, na akasema analala usingizi mzuri.

Mkasi alirudi kwenye viti. Kila mteja mwenye gari la kitufe anamhubiria kufuli la usukani kabla hata ya kupima ngozi. Wengi wanaitikia ndiyo, ndiyo, huku macho yakiwa kwenye simu. Juzi mmoja alimkatiza katikati: "Fundi, kwani wewe unauza makufuli?"

"Siuzi."

"Sasa linakuhusu nini?"

Mkasi akavuta futi ya kupimia, akainama kwenye kiti cha mbele, akaanza kupima mgongo wake kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.